Wajir: Wazazi wakiachana, mtoto hulala kwa nani?

MTOTO wa Wajir haulizwi jina lake kwanza. Huulizwa ni wa nani. Mkutanishe na mzee yeyote chini ya kivuli cha mgunga, naye, hata kama hajatimiza miaka minane, ataanza kuyataja majina: lake, la baba yake, la babu yake, la baba wa babu, hivyo hivyo hadi kumi au kumi na matano. Wapo wanaoendelea mpaka wakamfikia yule jadi ambaye ukoo mzima unaitwa kwa jina lake. Hesabu hiyo Wasomali huiita abtirsi. Hicho ndicho kitambulisho cha kwanza cha mtoto, kabla ya cheti cha kuzaliwa na kabla ya jina lake kuingia katika daftari la shule.

Katika orodha hiyo yote, ndefu ilivyo, hamna jina hata moja la mwanamke.

Msomaji wa Nairobi, Nakuru au Mombasa huenda akajiuliza hayo yanamhusu nini. Yanamhusu. Swali lililonipeleka Wajir wakati wa likizo ya Agosti ni lile lile linalowakosesha usingizi wazazi wengi wa mijini: baba na mama wakiachana, au ikiwa hawakuoana kamwe, mtoto abaki kwa nani, na yule mwingine amwone lini? Sisi tumezoea kulipeleka swali hilo kwa wakili, kwa chifu, au, mambo yakiharibika kabisa, kwa majirani wanaosikiliza ukutani. Wajir swali hilo lina milango mitatu ya kubisha, na kila mlango una mwenyewe.

KUTWA NZIMA NDANI YA BASI

Basi la Wajir huondoka Eastleigh. Safari ni ya zaidi ya kilomita 600. Huvuka Mto Tana pale daraja la Garissa, na ukishaliacha daraja hilo nyuma ndipo unapoanza kuelewa maana ya neno mbali. Modogashe, Habaswein, kisha mchanga, migunga, mbuzi, mchanga tena. Kwenye vizuizi vya polisi abiria huteremka na vitambulisho mkononi, wakapanga foleni juani. Barabara kuu ya kutoka Isiolo kupitia Modogashe na Wajir hadi Mandera imekuwa ikijengwa kipande kwa kipande, kwa hivyo kuna mahali basi huteleza kama mashua na kuna mahali chai humwagika yote kabla haijafika mdomoni.

Wakati wa likizo mabasi haya hujaa watoto, na si wote wanaosafiri na wazazi wao. Wengine wamekabidhiwa shangazi, wengine jirani wa mtaani, na wengine utingo, ambaye hupewa namba ya simu ya mtu atakayewapokea. Mama yuko Eastleigh anauza nguo. Baba yuko Wajir. Na kati yao kuna basi. Hakuna hakimu aliyeandika ratiba hiyo. Ni shule inayoiandika kila Aprili, Agosti na Desemba.

Kando yangu aliketi nyanya mmoja, na mapajani mwake amelala msichana wa miaka mitano hivi.

"Habari ya safari, mama? Huyu ni mjukuu?" nilimwuliza.

"Ni wa binti yangu," akajibu. Akamfunika mtoto kwa ncha ya shela yake, kisha akaongeza: "Lakini ni mtoto wa watu."

Mtoto wa watu. Maneno hayo nilikuja kuyasikia tena na tena, na wala hayakusemwa kwa chuki. Maana yake ni kwamba binti ni wetu na uchungu wa kuzaa ulikuwa wa binti yetu, lakini mtoto ana ukoo wake, na siku moja ukoo huo utakuja kumwulizia.

MJI MWEUPE WENYE VISIMA

Mji wa Wajir hauna mto. Una visima. Umekaa juu ya mwamba wa chokaa, na maji hayako mbali chini, ingawa mengi yana chumvichumvi ambayo mgeni huitambua katika kikombe chake cha kwanza cha chai. Visima hivyo ndivyo vilivyowavuta wafugaji tangu zamani, na ndivyo vilivyowafanya Waingereza waje kupiga kambi hapa mnamo 1912. Nyumba za zamani zimepakwa chokaa, nyeupe hadi kuumiza macho saa sita za mchana. Korongo wale wakubwa wenye upara hutembea kando ya barabara polepole, mikono nyuma, utadhani makarani waliostaafu. Wakoloni, katika kujifurahisha, walianzisha hapa klabu wakaiita Royal Wajir Yacht Club, yaani klabu ya mashua, mahali ambapo bahari iko mamia ya kilomita. Upweke nao huzaa vituko.

Kaunti yenyewe ni kubwa kuliko nchi za Rwanda na Burundi zikiunganishwa, nayo ilikuwa na watu 781,263 tu wakati wa sensa ya 2019. Tafadhali iweke hesabu hiyo akilini, msomaji, kwa sababu amri ya "baba atamwona mtoto kila Jumamosi" huandikwa na watu wanaoishi mahali ambapo baba yuko umbali wa matatu moja. Baba wa Wajir mwenye ngamia anaweza kuwa upande wa Buna mwezi huu na upande wa Habaswein mwezi ujao. Anafuata mvua, si kalenda.

Nilisimama kisimani nikatazama ngamia wakinyweshwa. Walikuwa wengi, wamekaukiwa, na mtu angetarajia vurugu. Hapakuwa na vurugu. Kila kundi lina zamu yake, na zamu zimejulikana tangu jana. Nikajiambia kwamba watu wanaojua kupanga zamu ya ngamia kisimani hawashindwi kupanga zamu ya baba na mama kwa mtoto. Nilitaka kujua kinachowazuia.

WAZEE NA MASLAHA

Talaka Wajir si jambo la kunong'onezwa. Mwanamke aliyeachwa hahesabiwi kuwa chombo kilichovunjika. Eda ikiisha wachumba hupiga hodi, na wapo kina mama walioolewa mara mbili au tatu na heshima yao iko pale pale. Jambo linalomshangaza mgeni ni nyumba. Kwa wafugaji wa nyikani nyumba ni mali ya mwanamke. Ile aqal ya duara, ya fito zilizopindwa na mikeka iliyosukwa, huja na bibi harusi. Yeye ndiye anayeijenga, na yeye ndiye anayeibomoa na kuipakia juu ya ngamia watu wakihama. Akiachwa, huibomoa akaenda nayo. Anaweza kuondoka na paa, na kuta, na vibuyu vya maziwa. Mtoto aliyekwisha kuacha ziwa ndiye mwenye taabu kupakiwa.

Sababu ukiitafuta utaikuta katika mahari. Ngamia waliopelekwa kwa wakwe hawakutoka zizini kwa bwana harusi peke yake. Walichangwa: huyu mmoja, yule wawili. Kwa hivyo jamaa za mume huona kwamba walichangia kizazi, si harusi tu, na mtoto akiondoka na mama yake ni kama sehemu ya mchango wao imeondoka.

Basi wazee wa pande mbili huketi. Chai ya maziwa ya ngamia huletwa, yenye sukari ya kutosha kusimamisha kijiko, nao huzungumza mpaka wafikie maslaha. Mdogo abaki kwa mama mpaka apate akili. Mkubwa aende na baba yake malishoni. Ngamia mmoja wa maziwa apelekwe kwa mama ili mtoto asilale njaa. Imekwisha, watu wanasoma fatiha na kuondoka.

Njia hii ina uzuri wake na sitaki kuidharau. Huchukua siku mbili badala ya miaka miwili, haina ada ya wakili, na anayeivunja hutazamwa vibaya hata msikitini. Lakini mwenye kesi hayupo. Mama wa mtoto huwakilishwa na kaka yake, yaani mjomba wa mtoto, ambaye Wasomali humwita abti. Abti akiwa mwungwana, mama amepona. Abti akiwa na deni kwa jamaa za shemeji yake, au ana mfupa wake mwingine wa kutafuna nao, mtoto huweza kulipwa kama riba. Na hakuna kinachoandikwa. Mzee aliyesema "mtoto atamwona mama yake kila Idi" akifa, ahadi nayo huzikwa.

Kifo nacho kina kanuni yake. Mume akifariki, mila ya dumaal humtaka ndugu wa marehemu amwoe mjane ili watoto wasitoke katika nyumba ya baba yao. Kanuni hiyo inategemea kuwepo kwa ndugu. Mnamo Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na vikosi vya serikali katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji huu, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja watu 57; wenyeji wamekuwa wakitaja idadi kubwa mno kuliko hiyo. Mjane ambaye mume na mashemeji zake walikwenda Wagalla asubuhi moja hana wa kumwoa kwa dumaal, na watoto wake hawana baba mdogo wa kuja kuwaulizia. Watoto wale walilelewa na mama zao na nyanya zao. Sijui kama kuna mahali pengine Kenya ambapo watu waliona kwa macho yao, na kwa uchungu kiasi hicho, kwamba mwanamke anaweza kuubeba ukoo mgongoni.

Hata vita vya koo vilivyozuka Wajir mwaka 1992 vilikuwa na sura hii. Mwanamke aliyezaliwa ukoo mmoja na kuolewa katika mwingine alikuwa na ndugu upande huu na watoto upande ule. Risasi ikitoka popote ilimlenga yeye. Si ajabu, basi, kwamba mnamo 1993 ni wanawake wa sokoni walioanza kuzungumza amani, miongoni mwao Dekha Ibrahim Abdi, ambaye mwaka 2007 alipewa tuzo ya Right Livelihood na ambaye alifariki mwaka 2011.

KWA KADHI

Wasioridhika na wazee huenda kwa kadhi. Na hapa mama wengi hugundua jambo ambalo hawakuambiwa kikaoni: kwamba dini imewapa zaidi ya mila.

Wasomali ni wafuasi wa madhehebu ya Shafi, kama walivyo Waislamu wengi wa Lamu, Mombasa na Unguja. Katika madhehebu hayo hadhana, yaani haki ya kumlea mtoto mdogo, ni ya mama kwanza. Ni ya mama mpaka mtoto afikie umri wa kupambanua mambo, ambao hukadiriwa kuwa miaka saba. Hapo mtoto mwenyewe huulizwa anataka kukaa na nani. Wakati wote huo masurufu yake ni juu ya baba, hata kama mtoto halali kwake. Na jina la baba haliondoki. Abtirsi inabaki ilivyo. Kwa lugha nyepesi, nasaba ni ya baba, mapaja ni ya mama.

Lakini kuna sharti ambalo ndilo chanzo cha machozi mengi. Mama akiolewa na mwanamume ambaye si jamaa wa karibu wa mtoto, haki yake hukatika. Haiendi moja kwa moja kwa baba, kama wengi wanavyodhani. Huenda kwa mama yake mama, yaani nyanya.

Mfikirie sasa msichana wa miaka 22 aliyeachwa na mtoto wa miaka mitatu. Mchumba amekuja, mtu wa heshima, ana duka. Amkatae ili abaki na mtoto? Au akubali, akabidhi mtoto? Kwa mwanamume swali hili halipo. Baba anaweza kuoa wa pili na wa tatu na hakuna atakayemwambia kwamba amepoteza chochote. Wanaolitetea sharti hili husema linamkinga mtoto na baba wa kambo, nami nimeishi mjini muda wa kutosha kujua kwamba baba wa kambo si wa kuaminiwa kwa macho yaliyofumbwa. Hata hivyo nauliza: na mama wa kambo je?

Jibu la Wajir kwa fumbo hili ni nyumba ya ayeeyo, nyanya mzaa mama. Ndiyo taasisi kubwa kuliko zote nilizokuta huko, na haina ubao mlangoni. Msichana yule huolewa. Mtoto huhamia kwa nyanya, mitaa miwili tu kutoka kwa mama yake. Mama hupita kila asubuhi akienda kuuza maziwa na kila jioni akirudi. Kwa maandishi haki imemtoka. Kwa kweli mtoto hajaenda popote.

Nyumba hiyo ina faida nyingine ambayo mwanasheria wa Nairobi asingeiwaza. Eda ikishakwisha, mume na mke walioachana si maharimu. Hawawezi kuketi peke yao chumbani wakizungumzia viatu vya shule. Tena mama akiwa ameolewa, mume wa zamani hawezi kubisha mlango wa mwenzake. Lakini kwa nyanya anabisha. Huja baada ya swala ya Ijumaa, huletewa chai, mtoto huvalishwa nguo safi akapelekwa uani, na mzee wa nyumba hukohoa tu kuonyesha kwamba yupo. Hiyo ndiyo haki ya kumwona mtoto kama inavyotekelezwa Wajir, bila afisa, bila saa ya ukutani.

NA HAKIMU ANASEMAJE?

Sheria ya nchi kwa muda mrefu ilikuwa na kasoro zake. Sheria ya Watoto ya 2001 ilimweka mama ambaye hakuolewa kuwa mwenye wajibu wa kwanza. Baba alipaswa kukubali kwa hiari yake, au awe ameishi na mama huyo miezi 12, au aende kortini kuomba. Kisha ikaja Katiba ya 2010. Kifungu cha 53 kinasema kila mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili, kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana, na kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto ya 2022 ikayarudia hayo kwa kirefu.

Ni maneno mazuri. Ugumu ni kujua nani ayatamke. Kifungu cha 170 cha Katiba hiyo hiyo kinampa kadhi uwezo juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, baina ya Waislamu waliokubali kuhukumiwa naye. Malezi ya watoto hayakutajwa kwa jina. Majaji wa Mahakama Kuu nao hawajasema kwa sauti moja: wapo walioshikilia kwamba kesi ya mtoto ni ya Mahakama ya Watoto pekee, na wapo walioona kwamba kadhi anayevunja ndoa hawezi kuwaacha watoto wa ndoa hiyo wakining'inia hewani. Matokeo yake ni kwamba mzazi asiyependezwa na hukumu huku hukimbilia kule, na mtoto hukua huku mafaili yakisafiri.

Mwenye shida ya haraka, mtoto ametoroshwa au ananyimwa chakula, asingoje majaji wakubaliane. Amwone afisa wa watoto, au apige simu nambari 116, ambayo haitozi pesa.

NDOA YA MASAFA

Mpaka hapa nimesema juu ya waliooana hadharani. Kuna wengine.

Kijana na msichana hupendana. Wazazi hukataa, pengine kwa ajili ya ukoo, pengine kwa ajili ya mahari. Hapo huondoka mjini, wakasafiri kilomita 80 au 90 mbali na nyumbani kwa msichana, wakamtafuta sheikh awafungishe nikahi, kwa hoja kwamba walii yuko mbali. Wenyewe huiita masaafo, neno ambalo msomaji wa Kiswahili atalitambua mara moja: masafa. Mara nyingi wazazi husikia, hukasirika, kisha husamehe. Lakini kuna wakati kijana hutishwa na jamaa zake akakana. Sheikh hakumbuki. Mashahidi walikuwa wapita njia. Cheti hakikuchukuliwa. Na msichana ana mimba.

Hapo ndipo abtirsi inapogeuka kuwa kisu. Kwa sheria ya dini, mtoto asiyethibitishwa kuwa wa ndoa hunasibishwa kwa mama yake. Akiulizwa ni wa nani, hana pa kuanzia. Watoto wenzake wanakimbia na majina kumi na matano. Yeye anasimama kwenye la kwanza. Na baba, ambaye Katiba inamwambia kwamba ana wajibu sawa na mama, analindwa na ukimya wa ukoo mzima.

Kwa miaka mingi hata cheti cha kuzaliwa kilishirikiana na ukimya huo. Jina la baba ambaye hakuoa halikuingizwa ila yeye na mama waombe kwa pamoja, na baadhi ya vyeti vilitolewa na alama za X mahali pa baba, kana kwamba mtoto amefanya hesabu akakosea. Mnamo Mei 2016 Mahakama Kuu mjini Nairobi ilitamka kwamba utaratibu huo unakiuka Katiba. Na Juni 30, 2025, Mahakama ya Juu iliamua kwamba watoto wa baba Mwislamu waliozaliwa nje ya ndoa wasibaguliwe katika urithi wake. Uamuzi huo ulihusu mali, si malezi, na umewaudhi wengi ambao hawaoni jinsi unavyopatana na mafundisho ya dini. Mjadala huo hautakwisha leo wala kesho. Wakati huo huo mtoto anataka viatu.

Kwa watu wa Kaskazini Mashariki karatasi hizi si mchezo. Kijana akitimiza miaka 18 na kutaka kitambulisho, alikuwa akipitishwa mbele ya kamati za usaili ambazo hazikuwa kwa Mkenya wa Nyeri wala wa Kisii, na wazee walioketi humo walimjua mtu kwa baba yake. Aliyelelewa na mama aliyeachwa, mbali na jamaa za baba, alilazimika kurudi kuwatafuta watu ambao labda hawakuwahi kumtumia hata kilo ya sukari, akawaombe waseme kwamba ni wao. Mnamo Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa hapa hapa Wajir, alitia saini tangazo la kuondoa usaili huo wa ziada. Lakini cheti cha kuzaliwa bado ni hirizi, na mama mwenye busara hukishughulikia mtoto akingali mchanga na baba angali na mapenzi. Kadhalika cheti cha ndoa. Na hata wazee wakiketi chini ya mti, hakuna dhambi katika kumwita kijana mmoja aliyesoma akaandika waliyokubaliana, pande zote zikatia vidole gumba.

NGAMIA AMEKUFA, BAADA YAKE?

Nimesema kwamba masurufu yalikuwa ngamia wa maziwa. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, na wapo waliokuwa na mifugo wakabaki na kamba tu. Baba aliyetoa ngamia sasa anatakiwa atume pesa kwa simu, na pesa hana. Yuko Garissa anasukuma mkokoteni, au Nairobi analinda lango la mtu. Pesa zikikatika, simu nazo hukatika. Kwa mama mmoja muuza maziwa pale sokoni nilisikia hoja inayosikika pia Umoja na Kayole: asiyeleta chochote haji kumshika mtoto. Namwelewa. Hata hivyo naona amekosea. Masurufu ni deni, na deni hudaiwa. Lakini baba si zawadi anayopewa mtoto pesa zikifika. Hata mbele ya sheria hayo ni mambo mawili.

Nyumba ya nyanya nayo imeanza kuelemewa. Zamani ilipokea mjukuu mmoja au wawili wa mitaa ya karibu. Siku hizi hupokea na wa Eastleigh, ambao mama zao wamekwenda kutafuta kazi Uarabuni, na hata wale wa London au Minneapolis, wanaorudishwa kwa kile Wasomali wanachokiita dhaqan celis, yaani kurudishwa kwenye mila. Wengine wamerudishwa na mzazi mmoja bila mwenzake kuridhia. Mtoto anafika na Kiingereza cha puani, hajui ngamia, na nyanya wa miaka 70 anatakiwa awe mama, mwalimu na polisi.

Nilimwuliza mzee mmoja, aliyewahi kuketi katika vikao vingi vya maslaha, kuhusu ile siku ya miaka saba, mtoto anapoitwa kuchagua. Nilidhani ni siku ya machozi. Akacheka mpaka akashika fimbo yake. Akanieleza kwamba baba huja amevaa kanzu mpya na mfuko wa peremende, mama huja na maziwa na machozi, jamaa za pande mbili hujaa mlangoni, mtoto akaulizwa: unataka kwa baba au kwa mama?

"Wengine," alisema, "husema wanataka kwa ayeeyo."

"Na mnafanyaje, mzee?"

"Tunamwuliza ayeeyo kama ana nafasi."